Shika Upande wa Pili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeanza tena daftari. Mume wangu nikianza kusimulia anasinzia kabla sijafika kwenye utamu. Daftari halisinzii.

Leo kazini kulikuwa na sinema. Pale dobini kwetu tunafua mashuka ya hospitali na ya hoteli, yale makubwa, hayakunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe huku, yule kule, mnaendeana mpaka mnakutana katikati kama mnasalimiana. Sasa wale wawili wa meza ya dirishani hawasemeshani tangu wiki iliyopita. Kila mmoja anavuta kwake. Vuta nikuvute — shuka likachanika katikati, mmoja akaenda chini na kipande chake kama kashinda. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Bosi hakucheka. Kumbe hospitali wameshalalamika. Akatukusanya wote, akasema amechoka na kununiana kwetu. Anataka stika. Stika ndogo ya duara, picha na maneno machache, ya kutukumbusha kutendeana wema. Itabandikwa kwenye kila toroli na kila mashine na kila furushi linalotoka kwenda kwa mteja. Tuchore wenyewe. Ijumaa tunachagua moja.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, ila kuchora nilikuwa najua. Niliwahi kumchora mwalimu akanitoa nje siku ileile, maana alijiona. Sasa mtu akijiona kwenye picha si ndiyo kuchora kwenyewe?

Nataka yangu ndiyo ichaguliwe. Naandika hapa tu. Nataka sana.

Halafu kuna yule mgeni wetu, tunamwita Glavu. Ana glavu nyeusi mkono wa kushoto, haivui kazini, haivui akila. Kawekwa meza ya foronya, kule mtu anakunja peke yake. Wenzangu wanasema ana ugonjwa wa ngozi, wanajitenga na kikombe chake. Mimi nilisema labda anaficha pete ya mume wa mtu. Ile ilipendwa, imefika mpaka kwa dereva wa gari la nguo. Lakini ukweli sijaupata, na unanitoa roho.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Jana baada ya kula nilifudikiza kikombe juu ya boksi la sabuni, nikakizungushia ile peni nene ya kuandikia alama za nguo. Duara safi kabisa. Nikasema leo ni leo.

Nikachora watu wawili wanakunja shuka. Nikamwonyesha mume wangu.

Akauliza nani kafa.

Nikamwambia hajafa mtu. Akasema, sasa hao wamembeba nani kwenye sanda? Nikaangalia — kweli, ni mazishi matupu. Akageukia ukutani akalala zake, kazi yake kaimaliza.

Nikachora nyingine. Mtu mnene anamsaidia mwembamba kusukuma toroli. Hiyo nikaenda nayo kazini leo, kifua mbele. Wa kwanza kuiona ni Dada wa Pasi, shoga yangu wa miaka mingi, ana mwili kama mlango na ulimi kama wembe.

"Huyu mnene mimi?"

"Si wewe. Ni mtu tu."

"Mtu tu, na makalio yangu?"

Wakajaa wote. Mmoja akasema yule mwembamba ni yeye, nimemchora na mguu wake wa kuburuza makusudi. Msimamizi wetu, tunamwita Madam Peni kwa zile peni zake mfukoni ambazo haazimi mtu, akauliza kwani yeye ndiye toroli? Nikaapa kwa vyote. Nani anasikia? Dada wa Pasi akamaliza mchezo. Alisema, "Huyu si tunamwita Redio? Redio haichori, inatangaza."

Hata mimi nilicheka. Lakini kwenye njia ya kurudi iliniuma kidogo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nilijaribu punda wawili, mmoja anambebea mwenzake. Wakataka kujua punda wa pili ni nani. Nikaichana.

Basi leo jioni, naosha vyombo, akili ikanijia. Nisichore mtu. Nichore mkono. Mkono hauna makalio, mkono haununi. Mkono mmoja umeshika pembe ya shuka, na pembe ya pili inaning'inia tu haina mtu. Chini nikaandika kile tunachosema kutwa nzima pale mezani mpaka hatukisikii tena: SHIKA UPANDE WA PILI.

Nikachora dole gumba, cha kwanza kikakaa, cha pili, cha tatu, na duara likaisha. Kidole cha mwisho hakina pa kukaa. Kikombe chenyewe kidogo. Nikaacha hivyohivyo, nani anahesabu.

Nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kila nikipita naitazama. Mume wangu naye kapita, kasimama. Akasema, "Hapo mtu anataka kwenda kushika." Kisha akaenda kulala. Huyu mtu kwa mwaka ananisifia mara moja, na ya mwaka huu imeshatoka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Picha zote zilitundikwa asubuhi kwenye kamba karibu na mashine za kukaushia. Ya Madam Peni ina maua pembeni na maneno mengi: WAFANYAKAZI WOTE WANAHIMIZWA KUDUMISHA UPENDO NA MAELEWANO MAHALI PA KAZI. Dada wa Pasi akasema mpaka umalize kuisoma hiyo umeshakasirika upya.

Watu wakafika kwenye yangu wakasogea karibu. Mmoja akaenda akagusa ile pembe inayoning'inia.

Glavu akaja wa mwisho, wenzake wameshaondoka. Akasimama pale muda mrefu mpaka nikaanza kujisikia msanii. Akageuka, akanishika kiwiko, akanivuta nyuma ya mashine. Uso umempauka.

"Nani kakuambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Nani kakuambia?"

Akavua glavu. Kidole cha mwisho hakipo. Kiliingia kwenye roli la mashine ya pasi huko alikokuwa anafanya kazi zamani, na baada ya hapo kila anapoomba kazi wanatazama mkono wanasema mashine hazimfai. Ndipo akavaa glavu, na hapa akapata kazi. Ana watoto, mume hayupo. Bosi akijua, basi.

Na mimi nimemtundikia kwenye kamba.

Nikamwambia, dada yangu, sikujua, duara liliisha. Haamini. Ningeamini mimi? Redio nzima, eti sikujua. Nikachukua kipande cha boksi na peni, nikachora mkono palepale mbele yake. Vinne. Nikageuza upande wa pili nikachora tena. Vinne. Mara ya tatu nikajitahidi kweli, vikatoka sita.

Akaanza kucheka. Kucheka mpaka akakaa juu ya kapu la taulo, na mimi nikakaa juu ya lile lingine. Nimefanya naye kazi mwezi mzima, meno yake nimeyaona leo.

Alipotulia akavaa glavu. Akaniambia, "Dada, wewe mdomo wako naujua. Watu wote wanaujua. Nakuomba."

Sijasema. Nimeiandika hapa tu, na daftari linalala chini ya godoro upande wangu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

YANGU! Imechaguliwa yangu!

Ndoo chini ya kila picha, kila mtu na kibanio chake cha nguo anakitumbukiza kwenye ndoo anayoipenda. Ndoo yangu ilijaa mpaka vikawa vinamwagika. Ya Madam Peni ilikuwa na kimoja, na alipoona tunamtazama akasema si chake.

Wale wawili wa dirishani, waliochana shuka, wametumbukiza kwangu wote. Mmoja alikosa shabaha, mwenziwe akamwokotea. Hawajasemeshana bado, ila kibanio kimeokotwa.

Bosi kanishika mkono mbele ya watu. Mimi, wa darasa la tatu, mkono wangu utatembea mpaka hospitali, utapanda vitandani. Nimepita sokoni nimewaambia wote, hata nisiowajua. Muuza vitunguu kaniuliza stika ni nini, nikamweleza mpaka wateja wake wakaondoka.

Hilo nimesema. Lile lingine sijasema.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sijasema.

Mume wangu kaniwekea mkono kwenye paji la uso akauliza kama naumwa. Nimekaa kimya tangu asubuhi, maana nikifungua mdomo hata kuomba chumvi naogopa itatoka yote.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Madam Peni kapata pa kunishikia. Kaenda kwa Bosi na karatasi: mkono una vidole vinne, wateja watatucheka, mchapaji yuko tayari kuongeza cha tano, ni dakika moja tu.

Bosi akaniita. Nikasema kidole hakiongezwi. Akauliza kwa nini. Hapo sasa. Maneno ninayo mdomoni mpaka yananipalia, na hata moja halifai kutoka.

Nikasema cha tano kiko nyuma ya shuka.

Bosi akatazama picha. Akageuza kichwa. Akasema, "Ni kweli, kinaweza kuwa nyuma." Madam Peni akarudisha peni mfukoni kwa nguvu.

Nilitoka pale nimeshinda. Kufika mezani, nikaona nimechoma nyumba ya mwenzangu. Maana habari ilishafika kabla yangu, na Dada wa Pasi keshaanza: Redio hachori bure. Akikataa kuongeza kidole, basi kuna mwenye kidole pungufu. Wakaanza kutazamana mikono. Mmoja mmoja wanaonyesha, vitano, vitano, wanacheka. Kisha wakaacha kucheka. Wote wakageukia meza ya foronya.

Yeye anakunja tu. Hakuinua macho.

Kwa mara ya kwanza nimemtolea shoga yangu ukali. Nikamwambia funga mdomo wako. Akashika kiuno. "Haya, leo mtumbwi unamfundisha samaki kuogelea."

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimemfuata Glavu kwenye mabomba ya kunawia. Nikamwambia naenda kwa Bosi sasa hivi, nakubali kidole kiongezwe, waseme nilikosea, yaishe. Niliyasema haraka kwa sababu picha naipenda, na ningechelewa ningebadili mawazo.

Akanawa mkono mmoja, kama kawaida yake. Akafunga bomba.

"Usiongeze," akasema. "Mimi nimeishi bila hicho kidole miaka sita. Wewe unakililia kwa wiki moja?"

"Watajua."

"Wameshajua, dada. Hawajathibitisha tu." Kisha akasema, taratibu, kwamba pale kwenye kamba alipouona ule mkono, kabla ya kuogopa, aliuona mzuri. Aliogopa baadaye.

Nikarudi mezani kwangu, picha nikaiacha ilivyo.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Naandika nimesimama, chumba cha kukaushia, daftari nimelitoa kwenye aproni. Stika zimefika!

Zimekuja zimeviringwa roli moja kubwa, zinang'aa, duara la buluu, mkono wangu katikati, vidole vinne, na maneno yanasomeka hata na mtu kama mimi anayehitaji miwani na hana. Bosi mwenyewe kabandika ya kwanza kwenye mlango wa ofisi yake. Tumebandika kwenye matoroli, kwenye mashine, Dada wa Pasi kabandika moja kifuani kwake akasema hapa ndipo penye nafasi.

Kisha akanigeukia mbele ya wote, Bosi yupo, Madam Peni yupo. "Sasa Redio, tupe taarifa ya habari. Huu mkono wa nani?"

Nikatazama sakafu. Nikasema ni mkono tu.

"Redio imekufa betri," akasema, na watu wakacheka.

Glavu akaacha foronya zake. Akaja mpaka meza ya kukunjia, akavua glavu akaiweka pale mezani, kila mtu anaona. Akachukua shuka la hospitali kwenye rundo, akashika pembe kwa mkono uleule, akatutazama. "Hamtashika?"

Mimi sikwenda, naandika ukweli. Aliyekwenda ni Dada wa Pasi. Alikwenda polepole na ule mwili wake, akashika pembe ya pili, wakaendeana, wakakutana katikati. Shuka likakaa sawasawa kama limepigwa rula. Akamwangalia usoni akamwambia, "Kumbe unakunja vizuri hivi na sisi tumekuachia foronya. Wajinga sisi."

Basi nikajua tumeshinda. Lakini Bosi akamwambia Glavu, kwa sauti ndogo, njoo ofisini. Madam Peni akaingia nao. Mlango ukafungwa.

Hiyo ni tangu chai. Mashine zinazunguka, hakuna anayekunja. Hakuna aliyepanga. Dada wa Pasi kasimama mbele ya mlango wa ofisi kashika pembe mbili za shuka jipya, zile nyingine ziko sakafuni, na kasema hapa hakikunjwi kitu mpaka mwenzake atoke. Wale wawili wa dirishani wamesimama nyuma yake na la kwao. Na wengine nyuma yao. Dereva wa gari la nguo anapiga honi nje, hospitali wanasubiri, hakuna anayegeuka.

Wananiita mimi. Wanasema Redio, wewe si unajua kusikiliza mlangoni, sikiliza wanasema nini humo.

Nimefika mpaka pale. Stika yangu iko usawa wa pua. Nimerudi kuandika haya kwanza ili moyo ukae.

Sasa naweka peni. Naenda kubisha hodi.