Kisanduku Kichwani pa Kitanda

Kitinda mimba wangu,

Hatujambo, na siku hizi tuna makuu! Serikali ya jimbo imetimiza ahadi: intaneti ya waya imefika mtaani kwetu. Mafundi walichimba hadi mlangoni, wakang'oa mawaridi yangu, nikawafokea, kisha nikawapa chai. Walitaka kufunga kisanduku cha intaneti sebuleni. Nikakataa. "Chumbani, kichwani pa kitanda. Mzee hafiki tena sebuleni."

Naandika ili baba yako asisikie. Kila akikuuliza unarudi lini, simu yako hukatika. Nami humwambia, "Mtandao wetu huu!"

Jumapili atakuuliza tena, mkitazamana usoni kwa video. Fundi kaniapia kwamba hapa kwetu hakikatiki kitu.

Mama yako,
aliyeishiwa visingizio