Sufuria Imehamia kwa Wilmar

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku niliyomwahidi muuzaji jibu, na nyumbani hakuna wa kuniambia neno la maana, mke wangu Nohora ananicheka tu.

Mimi ni daktari wa meno hapa Bogotá, nina watoto wawili na gari dogo jekundu ambalo halijawahi kunilaza njiani. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi ukoo wa mke wangu hushuka Sasaima kupika sancocho, ule mchuzi mzito wa nyama, mihogo na ndizi, kando ya mto, na kwa miaka kumi na moja sufuria ya mama mkwe wangu, Mama Betsabé, ile kubwa ya kulisha watu ishirini, imesafiri kwenye gari langu, tena kiti cha mbele, nimeifunga mkanda kama abiria isikwaruze chochote, mama mwenyewe nyuma katikati ya wajukuu, na tulikuwa tunaimba njia nzima. Sasa mwezi wa nne Wilmar, aliyemwoa mdogo wa Nohora, akaja na gari jipya la juu, na mama, ambaye alikuwa amepasuliwa goti mwezi wa pili, akatoka nje, akalitazama langu, akalitazama lake, akasema, "Wilmar, mwanangu, weka sufuria kwako leo." Hiyo "leo", mshauri, sasa ina miezi minne, na Wilmar tukikutana kwenye taa hushusha kioo na kuniuliza, "Shemeji, huko chini mnapata hewa?"

Basi nimepata gari. Limetumika miaka tisa lakini ni la kifahari kweli, la juu kuliko la Wilmar, viti saba vya ngozi, paa linafunguka, mlango wa buti unajifunga wenyewe ukiugusa. Muuzaji, mtu mpole sana anayeitwa Evaristo, anasema lilikuwa la mjane mmoja aliyelitumia kwenda misa ya Jumapili na kurudi, limetembea kilomita laki moja na elfu arobaini tu, na nilipotaja fundi akaniambia, "Wa nini, daktari? Gari la mjane halina haja ya fundi." Nilipanda, nikakaa, nikaona mapaa ya magari ya wenzangu, nikajisikia mtu mwingine.

Nilimweleza Nohora kwamba hii si anasa ni hesabu, kwamba gari letu namba yake ya usajili inaishia na moja, na siku ambazo sheria ya jiji ya kupunguza foleni hailiruhusu barabarani mimi nagombania basi na wagonjwa wangu, kwa hiyo tukiwa na la pili siku hii tutatoka na hili na kesho yake na lile, tena namba ya hilo la pili inaishia na nne na sisi tulioana tarehe nne, nikaona ni ishara kabisa. Aliposikia nne akaangua kicheko mpaka akaketi kwenye ngazi. Nikamuuliza, "Sasa kichekesho ni nini?" Akasema, "Nunua, mume wangu, nunua tu. Hilo dogo letu litapata mwenzake wa kulala naye." Siku ya tano leo, nikiingia jikoni anacheka. Sijui ananidharau au kuna kitu anakijua. Ninunue nirudishe heshima yangu, au nikubali kuwa mkwe wa gari la chini?

Eliécer, Modelia

Mwanangu Eliécer, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitamani ngazi niketi karibu na mkeo.

Tuanze na kicheko, maana ndicho kinachokuumiza. Namba zinazoishia na moja hadi tano hutoka siku moja, za sita hadi sifuri hutoka siku nyingine. Moja na nne ni za kundi moja, daktari. Ukilinunua gari hilo utakuwa na mapacha wanaoamka pamoja na kulala pamoja, na siku wanayolala utakuwa kituoni na wagonjwa wako wale wale, funguo mbili mfukoni. Sheria hii unaijua, unaiishi kila wiki. Ila ulipokaa kwenye kile kiti ulipanda wewe, hesabu ikabaki chini. Nohora aliliona hilo kwa kusikia namba tu. Angekudharau angenyamaza ununue.

Sasa huyo mjane. Kilomita laki moja na elfu arobaini kwa miaka tisa ni karibu kilomita mia tatu kila Jumapili. Kanisa lake liko wapi? Kwa gari la umri huo kilomita hizo ni za kawaida, hazinitishi. Kinachonitisha ni hadithi. Na muuzaji asiyetaka fundi amekwisha kukueleza hali ya gari. Ujue pia kwamba gari la kifahari likizeeka bei yake hushuka, lakini bei ya vipuri vyake haina habari kama limezeeka. Huo mlango unaojifunga wenyewe, siku ukigoma utakukumbusha. Tena ukishawakalisha watu kwenye viti vyote saba, buti hubaki na nafasi ya mkate. Sufuria ungeiweka wapi?

Nikukemee kidogo. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba sufuria ilikaa mbele imefungwa mkanda, na mama mtu mzima nyuma amebanwa na watoto. Akaja kupasuliwa goti. Hukubadilisha kitu. Alipolitazama gari lako hakuwa anapima heshima yako, alikuwa anatafuta mahali pa kunyooshea mguu, akahama, na sufuria yake ikamfuata.

Kwa hiyo, Jumamosi mpigie Evaristo umwambie hapana. Usimpe sababu, ana majibu ya sababu zote. Jumapili ya sancocho fika kwa mama mkwe kabla ya Wilmar. Kiti cha mbele kisukume nyuma mpaka mwisho, weka mto, fungua mlango, useme, "Mama, hapa ni pako, nilichelewa kuona." Sufuria iende buti, uijaze mihogo na ndizi isipige kelele. Mwakani ukiona bado unahitaji gari kubwa, tafuta lenye namba inayoishia na sita kwenda juu, lichunguzwe na fundi uliyemchagua wewe, na namba aisome kwanza Nohora.

Na Wilmar akishusha kioo kwenye taa kuuliza kama mnapata hewa, usijibu. Mama Betsabé atakuwa mbele, karibu na dirisha. Mwachie yeye.

Leocadia