Mwambie Askari Atoke Kwanza

Observatory, Johannesburg

Mdogo wangu Zakaria,

"Daktari akikataa kwenda, wagonjwa watabaki na nani?" Hayo ni maneno yako kuhusu kazi uliyopewa kwenye kizuizi cha kisiwani, umeyaandika kama mtu aliyekwisha kushinda mabishano. Nakujibu: watabaki na wale wale waliowafungia, na hata ukienda watabaki nao. Tofauti ni kwamba ukienda, waliowafungia watakuwa na koti jeupe la kuwaonyesha wakaguzi.

Lakini salamu kwanza. Magoti ya mama yanaendeleaje? Watoto je, na shemeji? Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku inatafuna mifupa. Naanza na uzima kama tulivyolelewa, mengine yanafuata. Hilo lishike, nitalirudia.

Nimekwisha kukutajia Esperansi, msusi Mrundi aliyekuwa jirani yangu Hillbrow. Mumewe, Nestori, ni fundi cherehani na ana kisukari. Alikamatwa kwenye roboti, ndivyo tunavyoita taa za barabarani huku, kibali chake kikiwa kimeisha. Wakampeleka kwenye kizuizi cha wahamiaji nje ya jiji, angoje kurudishwa kwao. Dawa yake ya sindano ikafungiwa ofisini kwa askari. Walimpa walipokumbuka.

Wakili anayetusaidia bure alihangaika mpaka Nestori akaruhusiwa kuonwa na daktari, akanichukua niwe mkalimani. Wakili mwenyewe akaachwa langoni. Daktari ni binti wa umri wako, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Ameajiriwa na kampuni ile ile inayoshika funguo za kizuizi. Askari alibaki ndani, ameegemea mlango.

Daktari akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nestori akaketi wima, akatabasamu. "Niko muzima, dokta. Na weye?"

Wewe umekulia kwetu, unaelewa. Mtu mzima hakurushii ugonjwa wake usoni kabla hamjajuliana hali, tena mbele ya askari anayeshika dawa yake. Nilitafsiri kama alivyosema, maana ndiyo kazi yangu, na kalamu ya daktari ikaanza kuandika. Alikuwa amekwisha kumaliza. Na chumba kizima kilinuka kidonda, Zakaria. Mguu wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi, ameuficha chini ya kiti.

Nikamwambia daktari amuulize tena, na safari hii askari awe nje.

"Eish, mama," askari akasema, "wewe ni mkalimani au daktari?"

"Mkalimani. Na wewe je, ndiye daktari?"

Nestori alicheka, maskini, mpaka akakohoa. Yule binti hakucheka. Aliinua macho akamwangalia askari. Hakumwangalia mgonjwa, alimwangalia askari, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Askari akatikisa kichwa. Daktari akarudi kwenye karatasi yake, akaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko.

Nilimfuata koridoni. Sikumtukana, ingawa unanijua. Nilimuuliza tu kama alisikia harufu. Akakiri alisikia. Akanieleza kwamba aliyemtangulia aligombana na kampuni akaondolewa, na kwamba mkataba unamkataza kusema lolote nje. Kisha akashusha sauti: "Na mimi nikiondoka, watabaki na nani?"

Maneno yako, mdogo wangu, kinywani mwa mtu usiyemjua.

Wiki haikuisha, Nestori akazimia uani. Hospitali wamemkata mguu chini ya goti. Esperansi aliporuhusiwa kumwona alikuta pingu imefungwa kitandani, kwenye mguu uliobaki. Sasa kampuni inangoja kidonda kikauke, ili daktari yule yule athibitishe kwamba anaweza kupanda ndege. Juzi binti huyo alinipigia simu, analia, ananiuliza afanye nini. Nikamwambia asiandike. Sijui kama atathubutu.

Simchukii. Ni mtu mwema, na ndiyo maana wanamhitaji. Mtu mkatili asingewafaa, kila mtu angemshtukia.

Wewe unakwenda kisiwani, ambako nchi tajiri imewatupa watu waliofika kwake kwa mashua ili wasionekane. Huko hakuna hata wakili wa kuachwa langoni. Unasema wewe si mwanasiasa, utamtibu kila atakayeletwa mbele yako. Nani atamleta? Na yule ambaye askari hakupenda kumleta, utamtibu vipi?

Msalimie mama, ila habari ya mguu usimsomee. Msalimie baba mdogo, aliyekuwa akizima redio nikianza kubishana nayo. Mwambie bado nabisha. Mkeo mwambie kitenge kilinifikia na wanakionea wivu. Na shangazi yetu mkunga, aliyekuwa akifukuza hata wakwe chumbani kabla ya kumgusa mzazi, mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Sasa nasema nawe pamoja na wale madaktari wenzako wawili mliopewa kazi hiyo. Someni barua hii pamoja kabla ya kutia sahihi. Itakeni kampuni inayowaajiri iandike kwamba mtamwona kila mgonjwa bila askari chumbani, kwamba dawa zitakaa mikononi mwenu, na kwamba mtasema hadharani mtakachokiona. Wakikataa hata moja, msiende.

Dada yako asiyenyamaza,
Tabitha