Vidonge Ulivyosema Umemeza

Mpendwa Baba,

Bado naiona ile picha. Tulikuwa hospitalini mjini, wewe umevaa gauni lisilokutosha mgongoni, daktari akageuza skrini tuone mishipa ya moyo wako. Ilitanda kama mizizi ya ule mti wa avokado tulioung'oa nyuma ya nyumba yetu kule Kinoo. Mahali pamoja mshipa ulikuwa umeziba hadi damu ikawa inapenya kwenye njia nyembamba kama uzi.

"Mami, hii ndio moyo yangu?" ukaniuliza kwa sauti ya chini.

Uliniita Mami tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yako. Nilikujibu ndiyo, nikashikwa na mshangao ambao haujanitoka hadi leo. Magunia yote yale ya chakula cha kuku uliyabeba kwa uzi ule!

Kuku ndio walionipotosha. Nilikua nikikuona unachanganya antibiotiki kwenye maji yao wakianza kupiga chafya, na baada ya siku chache banda zima linachangamka. Kwa hiyo niliposoma kwenye simu kwamba madaktari waliwahi kukuta bakteria ndani ya kuta za mishipa iliyoziba, niliruka kitini. Sikusoma hadi mwisho. Haraka zangu unazijua. Kesho yake nilishuka Dagoretti Corner, nikanunua vidonge vya antibiotiki kwenye duka la dawa bila karatasi ya daktari, nikakuletea vikiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki.

"Na hizi, daktari anajua?"

"Baba, hii ni sayansi. Wewe meza tu."

Kila jioni nilikupigia simu kutoka kwangu, mtaani Mountain View. Umemeza? "Nimemeza, Mami." Nami nikawa nalala vizuri.

Moyo wako ulisimama siku chache kabla ya upasuaji uliopangiwa wa kuzibua mshipa, ukiwa unaokota mayai. Watu walikuja na pole zao, na mimi nilikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kumwambia hata Mama. Je, ni vidonge vyangu vilivyokuua?

Wiki jana nilijikaza, nikarudi kwa daktari wako. Nililia kabla sijamaliza kueleza. Alinisubiri.

"Mzee alikuja hapa peke yake," akasema. "Aliweka hizo dawa kwa meza, akaniuliza kama zinaweza fungua mshipa. Nikamwambia hiyo swali iliulizwa kitambo, na madaktari wakubwa. Hao bakteria walipatikana kweli. Wagonjwa wengi wakapewa antibiotiki, wengine wakapewa vidonge hazina kitu ndani, halafu wakafuatwa kwa miaka. Haikusaidia. Moyo ziliendelea kushikwa vile vile. Nikamwambia asimeze."

Nilifuta machozi, Baba. Kumbe wapo waliowaza kama mimi, tena wasomi, na jibu lilipokuja si lile walilolitamani, wakaliandika hivyo hivyo dunia nzima ilisome. Nilisikia mwili ukinisisimka. Mimi hata ukurasa mmoja ulinishinda kumaliza.

"Yeye alisema nini?" nikauliza.

Daktari akatabasamu. "Alicheka. Akasema, 'Mimi hata kuku siwapei dawa kabla nifungue mmoja nione ndani. Wewe ndio uliona ndani yangu, ndio nikakuja kwako.' Halafu akaniomba nisikuambie. Eti utaona aibu, na ulizinunua na roho safi."

Ni kweli, ulikuwa unamchinja kuku mgonjwa kwanza, unampasua na kumtazama maini na mapafu. Nilikuwa pale nikikushikia beseni. Nikakumbuka dawa tu, nikasahau kisu.

Nilikwenda Kinoo siku hiyo hiyo. Bahasha ilikuwa bandani, ndani ya mkebe wa sindano za chanjo, haijafunguliwa. Juu yake uliandika kwa herufi zako kubwa: ZA MAMI. Nilikaa juu ya gunia nikalia upya. Jioni zote zile ulikuwa ukinidanganya ili nipate usingizi, na moyo wenyewe ni ule wa uzi. Sijui nikushukuru kwa maneno gani.

Mama nimemweleza yote. Amenigombeza, kisha akanishika mkono.

Kuku sasa ninawatunza mimi. Jana mmoja alipiga chafya. Mkono ulishaenda kwenye dawa, nikaurudisha. Nikachukua kisu chako, nikamfungua kwanza nikatazama ndani.

Pumzika, Baba. Usiku huu nitalala bila kudanganywa.

Binti yako, mwenye jina la mama yako,
Mami