Nilikupinga Kabla ya Kukusoma

Hosteli ya Wanafunzi,
Chumba cha 14.
9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Mama amekutumia sura ya tasnifu yangu bila kuniuliza. Unamjua dada yako, akifurahi hana breki. Kisha akanisomea jibu lako: “Mwambie nimejivunia. Hoja yake imesimama.”

Imesimama juu ya mgongo wako, Mjomba. Tulifundishwa kwamba mwenye hoja huonyesha waliotangulia waliacha pengo wapi, nami nikawa na hamu ya pengo. Nikakuta watafiti watatu wanasema kwenye ripoti yako ulilaumu kisima kwa maradhi ya tumbo, ukasahau ndoo za nyumbani. Nikaona watatu hawawezi kukosea. Nikaandika kwamba ulifanya kazi kwa pupa. Hilo la pupa ni langu, wao hawakulisema.

Ripoti yako yenyewe sikuifungua. Nayo iko nyumbani miaka yote, Mama huweka chupa ya chai juu yake.

Juzi msimamizi wangu aliufikia ukurasa ule akaniuliza, “Huyu umemsoma mwenyewe, au umesimuliwa tu?” Nikajibu nimemsoma. Uongo mchana kweupe. Nikatoka nikamwomba Mama anipigie picha kurasa zako. Mwanzoni ni kisima, kweli, lakini sura ya mwisho yote ni ndoo: nani anachota, mkono gani unaingia, kata ya kuchotea inalazwa wapi. Wale watatu waliishia kwenye muhtasari, nami nikafuata mkia.

Kilichonikata maini ni kwamba ulijua. Ulisoma ninavyokusingizia, ukanisifu. Naona aibu, Mjomba. Nisamehe.

Jana nilirudi kwa msimamizi nikasema kweli. Naandika upya, kwa kuwa pengo langu ulishaliziba wewe. Huenda wenzangu wakahitimu wakaniacha. Nimejitakia.

Msalimie mkazamjomba, na binamu yangu Mchelewa umwambie sasa tuko wawili. Mungu akuzidishie afya.

Sura mpya nitakutumia mwenyewe. Nikikosea, nikaripie kama ulivyokuwa ukinikaripia utotoni kwa kurudia kila nililosikia. Usinihurumie tena.

Akupendaye, na kukuonea haya,
mpwa wako,
Kasuku