Kwa Nini Kiwanja cha Miyuji Hakijapata Mnunuzi

Miyuji,
Dodoma.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Silvano,

Mbukwa, baba Gladness! Pokea salamu za nyumbani. Natumaini huko Mpanda hamjambo wote, na mgongo wako umepumzika tangu upate kijana wa kulala chini ya magari badala yako. Wifi Evelina hajambo? Huku sisi wazima. Jua kali, upepo unatuletea vumbi mpaka ndani ya sufuria, lakini tunakula na tunalala. Goti langu linauma nikikanyaga cherehani kwa muda mrefu, ila hiyo si habari, umeshaizoea.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu yako hupokelewa na mke, na mtoto, na fundi mwenzako, na kila mmoja ananiambia "yupo, anakuja," na wewe huji. Tena hata ukija, unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Nimempa Yahaya, yule kondakta jirani yetu, baada ya kuibandika kwa gundi ya viatu na kuandika jina langu juu ya mkunjo. Ukikuta jina limepasuka kabla hujafungua, ujue imesomwa njiani. Yahaya ni kijana mzuri, lakini sijawahi kuona uzuri wa mtu ukitumika kama kufuli.

Nianze na mwanao Gladness, ninayeishi naye hapa. Matokeo ya mwisho yametoka na amefaulu vizuri, GPA ya tatu nukta nane. Alinionyesha kwenye simu yake. Nikamwambia anikabidhi simu nisogeze kwa kidole changu mwenyewe, maana mtu anaweza kukuonyesha pale anapotaka uone tu. Nikasogeza yote. B nyingi, C moja ya somo la kodi, na A moja, ya somo la mirathi. Hiyo A ilinitia wasiwasi kuliko ile C. Nilijiuliza, msichana wa umri ule, wazazi wake wote hai, ana hamu gani na mali za marehemu?

Uliponiambia mwezi wa saba kwamba kiwanja hiki kiuzwe ili aende Dar kusomea uwakili kwa vitendo, sikupinga. Mkopo wa serikali umemfikisha kwenye shahada, na sote tunajua kuwa shahada ya sheria peke yake haimsimamishi mtu mbele ya hakimu. Nililia kidogo, nikafuta machozi, nikaanza kuulizia vyumba vya kupanga. Niliona ni haki. Kiwanja ulipewa wewe na ukoo, mimi nimekaa hapa kukutunzia. Nikawatangazia madalali.

Wanunuzi walikuja, Silvano. Tangu serikali ihamie huku, hata mwenye banda la kuku anaulizwa bei. Alikuja mtumishi mmoja wa Bunge na mkewe, akaja mchungaji, akaja Kishan, yule kijana wa mzee Jayantilal mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, akapima mbele yote ya barabarani kwa hatua zake akitafuta mahali pa ghala. Wote walipapenda. Na wote hawakurudi.

Sasa wewe unanijua. Cherehani yangu iko barazani, na anayekaa barazani huona. Nikagundua kwamba kila mgeni akiondoka, Gladness anajitolea kumsindikiza. Msichana ambaye kumtuma chumvi dukani ni mpaka umwite mara tatu! Wanafika kwenye kona, wanasimama, yeye anaongea kwa mikono yote miwili, mgeni anatikisa kichwa, kisha ndiyo basi tena. Simu hapokei, dalali naye ananiambia mteja amebadili mawazo.

Nikawaza, huyu anadai cha juu. Anawatajia bei yake pembeni na wanakimbia. Halafu nikamwona amesimama na Kishan muda mrefu kuliko na wengine, nikawaza jingine ambalo baba wa msichana hahitaji kuliandikiwa.

Na kulikuwa na safari zake za asubuhi. Chuo amemaliza, lakini kila siku anavaa ile sketi nyeusi niliyomshonea na blauzi nyeupe, anasema anakwenda kujifunza kazi. Lisemwalo lipo, nami nilikuwa nimeshajisemea mengi. Nikamfuata mpaka Makole. Nikakaa kwa muuza matunda ng'ambo ya barabara, nikala papai ambalo sikuwa na hamu nalo, nikamwona anaingia kwenye ofisi yenye kibao cha wakili. Nikavuka. Wakili mwenyewe ni mwanamke, anaitwa Bupe, mtu wa Mbeya, mnene, mcheshi, akanipa kiti na maji. Akanieleza kwamba Gladness anamsaidia kuandaa mashauri ya ardhi na mirathi, kwa nauli tu. Nilimshukuru na kumtazama vizuri. Mtu akikubali kazi isiyo na mshahara, kuna kitu kingine anachokitafuta humo, na sikukijua.

Wewe unataka awe jaji. Mimi nilikuwa nikiomba apate ajira halmashauri, kiti chenye feni na mshahara wa kila mwezi. Nilipomuuliza yeye anataka nini, akasema anataka kesi za wajane. Nikamwambia wajane hawana hela, watakulipa kuku. Akasema kuku si mbaya. Unaona majibu hayo? Nikazidi kuona ananificha jambo.

Alhamisi iliyopita nikaamua kumwendea Kishan mwenyewe. Mama yake, Shantaben, namshonea blauzi za sari miaka mingi, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuingia pale bila kuonekana nimekwenda kupeleleza. Nikampa blauzi yake, akaniletea chai ya tangawizi kule nyuma kwenye mabati. Nikamwita Kishan. Nikamuuliza waziwazi, ana nini na binti yangu?

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akasema, "Mama Yudith, mimi nina mchumba Arusha, usinitafutie balaa. Binti yako aliniambia kitu kimoja tu. Nikinunua pale, nanunua kesi."

Nikasema kesi ipi, kiwanja ni cha mdogo wangu, ukoo mzima unajua.

Akajikuna shingo. Akasema alikupigia simu ili kuhakikisha. Akasema ulimwambia afanye haraka, hela aitume kwako moja kwa moja, na asihangaike na mimi kwa sababu mimi ni mlinzi wa nyumba tu. Alipokuuliza nitakwenda wapi, ulimjibu, "Dada atarudi Mtera kwa wakwe zake."

Shantaben alimpiga kofi mkononi na kumkemea kwa Kigujarati. Sijui alisema nini, ila nadhani alimwambia kuna maneno hayabebwi dukani. Mimi chai ilinishinda. Nikaaga.

Mtera, Silvano. Wewe ndiye uliyekuja na pikapu ya kuazima kunichukua Mtera, siku shemeji zangu walipotoa vyombo vyangu nje hata kabla udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka. Uliona kwa macho yako godoro langu lilivyowekwa kwenye miiba. Ulitukana watu wazima siku ile mpaka nikakushika mdomo. Halafu huko ndiko nirudi?

Nilifika nyumbani mchana, Gladness anasonga ugali. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa wewe uko mbali nikaitua kwake. Nikamwambia azime moto aniambie yote, tangu lini anawafukuza wanunuzi na kwa faida ya nani. Hakubisha. Alikaa kwenye kigoda akafuta mikono.

"Shangazi," akasema, "hati ya hapa ina jina la nani?"

"La babu yako."

"Na babu aliacha watoto wangapi?"

"Wawili, mimi na baba yako." Akanieleza taratibu, kama vile ninavyowaeleza wateja wangu kitambaa kisichotosha. Kwamba ukoo kukaa na kusema fulani achukue hiki si mwisho wa jambo. Mahakama haijawahi kumteua msimamizi wa mirathi ya baba, kwa hiyo wewe huna mamlaka ya kuuza hata tofali moja. Na kwamba mimi si mlinzi wa nyumba. Mimi ni mtoto wa marehemu kama wewe ulivyo, na hakuna mtu aliyeniuliza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwanzo. Akasema aliogopa nitamtetea baba yake, nimwambie anyamaze, na yeye asingeweza kunikaidi. Kisha akasema neno ambalo nalitafuna mpaka leo. Alisema, "Siwezi kwenda kuapishwa kuwa wakili kwa ada iliyotokana na kukutoa wewe nyumbani kwako. Bora nikose." Na alikuwa tayari kukosa, Silvano. Alikuwa ameshamwomba wakili Bupe ampe kazi ya ukarani.

Ugali uliungua. Tulikula hivyo hivyo, na mlenda wa jana.

Nimekumbuka siku ile tulipoanua tanga la baba. Baba mdogo Mazengo alisimama akasema Yudith ameolewa, ana kwao. Mimi niliyekuwa nimeketi pale ni mjane nisiye na kwangu, niliyemgeuza baba kitandani mpaka pumzi yake ya mwisho. Nikapewa kitanda cha mama na mbuzi wawili. Ukapewa wewe kiwanja, na mimi nikawa wa kwanza kukupigia vigelegele. Ndivyo tulivyolelewa, hata kuuliza sikujua kwamba kunawezekana. Sikulaumu kwa siku ile, ulikuwa kijana na wazee ndio waliosema.

Nakulaumu kwa simu ya Kishan. Ukoo ulisema nina kwangu bila kufikiri. Wewe ulifikiri, ukasema. Nimewashuku madalali, nikamshuku mchungaji wa watu, nikamshuku mwanao wa kumzaa, nikamshuku wakili aliyenipa maji ya kunywa. Aliyebaki bila kushukiwa ni wewe peke yako. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Imeniuma, mdogo wangu, na sitakudanganya kwamba imepoa.

Basi sikiliza ninachotaka. Njoo. Nimeshaongea na baba mdogo Mazengo, amekubali kuitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Aligoma kidogo, Gladness akazungumza naye kwa adabu sana, shikamoo nyingi, na mwisho mzee akasema kumbe sheria nayo ina masikio. Kikao kitapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari utapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na jina litakalopendekezwa ni langu. Kiwanja kigawanywe mara mbili, kwako nusu na kwangu nusu, kila mmoja kwa jina lake.

Kisha nitauza sehemu ya nusu yangu, ile ya mbele barabarani. Kishan amesema atangoja, na safari hii atazungumza nami, si na mtu mwingine. Ada ya Gladness itatoka hapo. Nusu yako sitaigusa. Ujenge, uuze, ufuge bata, ni shauri lako. Gladness mwenyewe alikataa nilipomwambia, nikamjibu kwamba chake cha kukataa ni kiwanja cha wizi, hiki ni cha shangazi yake.

Nafasi yake ya Dar ameisogeza mpaka kundi linalofuata, na haitasogezwa tena. Usipokuja kikaoni, au ukaja kubisha, shauri litachelewa na anayekosa shule ni mwanao. Sikutishi. Nakuambia mambo yalivyo, kwa sababu ukiambiwa na mtu mwingine utasema hukujua, na mimi neno hilo sitaliamini tena.

Nisalimie wifi Evelina, mwambie kitenge chake nimemaliza kukishona, akichukue mwenyewe ili nimwone. Wasalimie wapwa zangu wote. Baba mdogo Mazengo anakusalimu, na mama Shantaben amekuulizia, kwa sauti ambayo sikuielewa vizuri. Gladness anakupa shikamoo. Anasema hana kinyongo. Mimi nasema apewe muda.

Mungu akufikishe salama na akupe moyo mwepesi. Hapa kitanda kipo, chakula kipo. Ila ukifika usiingie moja kwa moja kama ulivyozoea. Piga hodi, usubiri nikukaribishe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda huku nikikutazama,

Yudith,
mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu.