Mkono wa Nyanya na Birika la Mlangoni

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa sababu nyumbani kwetu Likoni watu wote wanafurahi, na mimi peke yangu chakula hakinishuki.

Mimi ni karani wa mafaili katika hospitali ambayo sitaitaja, na nyanya yangu, Bi. Mwanatatu, alilazwa humo alipovunjika nyonga, akapasuliwa vizuri, na kila asubuhi nikipeleka mafaili wodini nilipita kitanda kwa kitanda nikiwaamkia wazee kwa kuwabusu mikono, kama nilivyolelewa, nao wakanipenda hata wakawa wananituma, na siku moja Bi. Kaviha, mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa kikitoa usaha, akaniomba nimkazie bendeji iliyolegea, nikamkazia, kisha nikageukia kitanda cha pili, nyanya naye akasema, "Na yangu je, au ya jirani tu ndiyo uijuayo?" nikamtengenezea kwa mikono ileile, bila kunawa, moyo wangu ukifurahi kwamba nimefaa.

Siku ya tatu nyanya alishikwa na homa, mshono ukatunga usaha, na Sista Milcah, msimamizi wa wodi, akawakaripia wauguzi mbele yangu: "Vijidudu havina miguu, hupanda mikono yetu! Mzee aja na mfupa, sisi twampa na usaha?" Nami nikayakumbatia mafaili yangu nikaenda kuyagawa, na nyanya akakaa wiki tano zaidi.

Alhamdulillahi amepona, anatembea kwa mkongojo na kuwatania madaktari, na Ijumaa hiyo anarudi nyumbani, ingawa mshono una mahali padogo pangali pamefungwa bendeji, na mama ameshaalika mtaa mzima kwa pilau, na kila mgeni atataka kumbusu mkono. Mimi nimeacha hata kumgusa, na jana akaniuliza mbele ya wodi nzima, "Ukarani umekupanda kichwani, hata mkono wangu wauogopa?" Bi. Kaviha akadakia, "Mwache, aogopa nisije nikamposa!" Wakacheka wote, nami nikatoka machozi yakinilenga.

Je, nimwambie Sista, hata kama nitapoteza kazi? Na wageni nitawazuiaje bila kumvunjia nyanya heshima siku ya furaha yake?

Karani Mwoga, Likoni

MSHAURI ANAJIBU

Karani, hongera kwanza. Ajuza aliyevunjika nyonga, akaugua wiki tano, na bado anakuchamba mbele ya watu, huyo amepona kweli. Futa machozi.

Sasa nikukaripie. Nani alikufanya muuguzi? Mzee akikuomba umguse bendeji, adabu ni kumwitia muuguzi. Kama ni mikono yako iliyobeba usaha ule au ya mwingine, hujui, wala hatajua mtu. Mikono mingi hupita wodini. Lakini unalolijua mwambie Sista Milcah kesho, kabla hujagawa faili hata moja, apate kuwalinda wazee waliobaki katika safu ile ya vitanda. Atafoka. Mwache afoke. Kuhusu kazi sikuahidi kitu, ila anayefoka hivyo kwa ajili ya mzee asiye wake hutaka ukweli kwanza. Na akimaliza, muulize namna ya kuutunza mshono nyumbani, uandike. Kuandika si ndiyo kazi yako?

Kisha mwambie nyanya mwenyewe. Anadhani umemchoka, na hilo lamuuma kuliko usaha.

Ama Ijumaa, wajitesa bure. Tangu lini watu wa Pwani wakala pilau bila kunawa? Lile birika la kunawishia, litoe ukumbini ulipeleke mlangoni. Simama hapo wewe, na kanzu yako, beseni chini, sabuni kando, umnawishe kila mgeni kabla hajamfikia nyanya. Hakuna atakayekasirika; watadhani pilau imeshapakuliwa, na wataingia mbio! Taulo moja la watu wote silitaki, wajikaushe kwa upepo. Mwenye mafua au jipu aamkie kutoka barazani. Mshono asiuguse mtu, hata mama yako.

Wakishaingia wote, tua birika, unawe wewe mpaka kwenye vifundo vya mikono, uende ukaushike mkono unaokudai. Nyanya akikwambia wanuka sabuni, mbusu mara ya pili.